Je, wajua kwa nini uyoga mtamu wa porini unaota kwenye vichuguu?

Mvua zikishakolea, kwenye mapori ya miombo kuanzia Tabora mpaka Songea, anayejua uyoga hahangaiki kuzunguka msitu mzima, anaenda moja kwa moja kwenye kichuguu anachokijua tangu mwaka jana, na mara nyingi anaukuta palepale. Kwa nini palepale?

Kwa sababu ule uyoga una mkulima wake, na mkulima ni mchwa. Mchwa wa vichuguu vikubwa wanabeba majani makavu, nyasi na vipande vya miti, lakini peke yao hawawezi kumeng'enya vizuri ile sehemu ngumu ya mti, kwa hiyo wanakula, wanapeleka ndani, na kwa kinyesi chao wanajenga kitu kama masega ya nyuki, humo ndimo kuvu inamea. Kuvu inalainisha zile mbao, inatoa vipunje vidogo vyeupe, mchwa wanakula vipunje na baadaye wanakula na lile sega lenyewe. Wanasayansi wanakadiria kilimo hiki kilianzia hapa hapa Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita, yaani kabla hata binadamu hajakuwepo!

Sasa uyoga tunaochuma ni tunda la hiyo kuvu. Msimu wa mvua ukifika linasukuma kutoka kwenye sega huko chini, na ncha yake ngumu iliyochongoka inapasua udongo. Ndo maana ukichimba taratibu unakuta mzizi mrefu unaoshuka chini sana. Kuna aina moja Zambia, Termitomyces titanicus, kofia yake inaweza kufika upana wa mita 1, na kuna vingine vidogo kama vifungo vya shati vinavyoota kwenye vipande vya sega ambavyo mchwa wamevitoa nje.

Watu wanauliza mbona uyoga wa mamama (oyster) tunaotesha kwenye mifuko bandani na huu wa vichuguu hatuwezi. Mamama inatosheka na majani ya mpunga au pumba za pamba, huu unataka mchwa, joto la mle ndani la karibu nyuzi 30, na usafi wao maana wanang'oa kuvu nyingine zote. Ukimwaga sumu kwenye kichuguu ujue umeua na shamba.

Ila tafadhali usichume kwa kukisia. Kuna uyoga mweupe mkubwa unaota kwenye nyasi, ukikomaa chini ya kofia unageuka kijani, huo unatapisha na kuharisha vibaya. Wengine wenye kikombe chini ya shina wanaua kabisa. Mzizi mrefu peke yake hautoshi, nenda na mama au bibi anayeujua wa eneo lenu.

Na kitu kinachonifurahisha zaidi, kumbikumbi wengi wakiruka kwenda kuanzisha kichuguu kipya hawabebi mbegu ya kuvu. Vibarua wao wa kwanza wakishakua inabidi watoke nje wakaokote vumbi la mbegu lililodondoka kutoka kwenye uyoga ulioota jirani, kwa hiyo ukiuacha michache ikomae na kuchanua, na mchwa nao wanapata ya kupanda.