Je, wajua kiwanda cha wiski kilichokufa hufufuliwa vipi?

Katika mapumziko ya Krismasi na Mwaka Mpya, kuamkia 2009, wezi wa shaba waliingia Rosebank, kiwanda cha wiski kilichofungwa tangu 1993 mjini Falkirk, Uskoti, wakaondoka na vyungu vyake vya kupikia. Wizi wa shaba tunaujua. Huku kwetu hata nyaya za umeme hazisalimiki. Kwa wapenzi wa wiski, Rosebank ilikuwa imezikwa mara ya pili. Lakini Julai 2023 kiwanda hichohicho kilijaza pipa lake la kwanza baada ya miaka 30. Vyungu vimeibwa, wapishi wa zamani wametawanyika, halafu unaambiwa ni Rosebank ileile. Inawezekanaje?

Anayejua kutengeneza togwa ameshafika nusu ya safari. Shayiri inalowekwa, inaachwa ichipue, inakaushwa: hicho ni kimea, sawa na kimea cha ulezi. Kinasagwa, kinamwagiwa maji moto, yanatoka maji matamu. Hamira ikiingia, ule utamu unageuka pombe iliyo kama bia. Kuanzia hapo kazi ni ya mpika gongo: chemsha, mvuke upande, upite kwenye bomba lililopozwa kwa maji, udondoke upande wa pili. Ili iitwe single malt, iwe imepikwa kwa kimea cha shayiri peke yake, ndani ya kiwanda kimoja, kwenye chungu kinachopakuliwa na kujazwa upya kila mpiko.

Siri kubwa iko kwenye shaba. Mvuke ukiigusa, shaba hunyonya harufu za salfa, zile za kiberiti na kabichi iliyochemshwa. Chungu chenye shingo ndefu hukamata mvuke mzito na kuurudisha chini, kinachofika juu ni chepesi. Chungu kifupi huachia uzito upite. Hata bomba la kupozea lina neno lake. Rosebank walitumia la kizamani, lililojikunja kama nyoka ndani ya tangi la maji baridi. Humo mvuke hugeuka maji upesi, hauigusi shaba sana, na pombe hubaki na unene. Wakati huohuo walipika mara tatu, si mbili kama wengi wa Uskoti, na kupika mara tatu hulainisha. Ladha yao ilitoka kwenye mvutano huo. Kwa hiyo waliokinunua kiwanda mwaka 2017 walifuata vipimo vya zamani: vyungu vitatu vipya vya umbo lilelile, na lile bomba la nyoka likarudi.

Wenzao wa Brora, kaskazini mwa Uskoti, walikuwa na bahati. Kiwanda kilifungwa 1983 lakini vyungu vilibaki mahali pake. Viling'olewa, vikasafirishwa hadi kwa mafundi wa shaba mjini Alloa, vikatengenezwa na kurudishwa, na Mei 2021 moto ukawashwa tena. Port Ellen, kisiwani Islay, nayo ilifungwa 1983, ila sehemu kubwa ya majengo ilikuwa imeshabomolewa. Pale palijengwa kiwanda kipya chenye nakala za vyungu vya zamani, kikafunguliwa Machi 2024. Kama huo ni ufufuo au ni mtoto aliyepewa jina la babu yake, mimi nasema ni mtoto.

Na kuna mambo ambayo mchoro hauonyeshi. Jirani wa karibu kabisa wa Brora ni kiwanda cha Clynelish, kinachosifika kwa wiski yenye ladha kama nta ya mshumaa. Husimuliwa kwamba matangi yake yaliwahi kusuguliwa yakatakata, na ile nta ikatoweka. Kumbe ilikuwa inatoka kwenye utando wa mafuta ulioganda humo kwa miaka. Mfugaji yeyote angewaambia: kibuyu cha maziwa ya mgando hakioshwi kwa sabuni.

Lakini kwa nini kufunga, halafu kufungua kwa gharama? Miaka ya mwanzo ya 1980 maghala ya Uskoti yalifurika wiski isiyo na wanunuzi. Enzi hizo nyingi ilikuwa ya kuchanganywa, single malt ikinywewa na wachache, kwa hiyo viwanda vidogo na vya kale vilifungwa kwanza. Mapipa yakasahaulika ghalani, yakazeeka. Kuanzia 2001 kampuni ya Diageo, mmiliki wa Port Ellen na Brora, ikawa inatoa Port Ellen kidogokidogo kila mwaka, bei ikipanda kadiri mapipa yanavyopungua. Kifo ndicho kilichokipa kiwanda jina, na jina hilo ndilo lililolipia ufufuo: mwaka 2017 Diageo ilitangaza pauni milioni 35 kwa Port Ellen na Brora.

Anayeanza bila jina la marehemu ana kazi. Sheria inataka pombe ikae kwenye mapipa ya mwaloni, ndani ya Uskoti, si chini ya miaka 3. Ikipungua siku moja, haiitwi Scotch, yaani wiski ya Uskoti. Wakati huo kiasi cha asilimia 2 kwa mwaka huvukia hewani, na wenyewe husema ni fungu la malaika. Wengi hujikimu kwa jini (namaanisha kinywaji, ingawa hili nalo hukaa kwenye chupa), kwa sababu likipikwa leo kesho linauzwa. Kiwanda cha kisiwa cha Harris kilifunguliwa 2015 na kuishi kwa jini lililotiwa mwani, hadi wiski yake ya kwanza ilipotoka Septemba 2023. Daftmill, shambani kule Fife, walipata leseni 2005 na kuuza chupa ya kwanza 2018. Wale ni wakulima: hula kwa jembe, na hupika shamba likipoa.

Rosebank nao wanasubiri pombe yao mpya ikomae. Kwa sasa, ukiona chupa ya Rosebank iliyoandikwa miaka 30, ujue kilichomo kilipikwa kwenye vile vyungu vilivyoibwa.