Atropini hupimwa kifuani, si machoni

Katika idara ya dharura inayohudumia wakulima na wafugaji, sumu ninayokutana nayo zaidi hutokana na dawa za shambani na za josho. Ndugu wanaomleta mgonjwa husema tu kwamba "amekunywa dawa", na mara nyingine, kwa aibu au kwa kuogopa polisi, hawasemi hata hilo, ingawa maziwa wamekwishamnywesha. Maziwa hayaondoi sumu, na mgonjwa aliyelegea huweza kuyatapika yakaingia mapafuni.

Mgonjwa wa oganofosfeti, kundi la dawa za kuulia wadudu, huwa amelowa. Sumu hii huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva, na kemikali hiyo ikirundikana, machozi, mate, jasho, mkojo na kuhara hutoka kwa pamoja, mboni husinyaa na misuli huchezacheza chini ya ngozi. Kinachoua ni pumzi: njia za hewa hujaa majimaji huku misuli ya kupumua ikilegea.

Ndiyo maana, huku wenzangu waliovaa glovu wakimvua nguo na kumwosha kwa maji na sabuni, mimi huanza atropini, dawa inayozuia asetilikolini na kukausha majimaji hayo, bila kusubiri maabara. Kwa mtu mzima ni miligramu 1 hadi 3 kwenye mshipa, kisha dozi huongezwa maradufu kila baada ya dakika 5, mpaka kifua kisikike kikavu, mapigo ya moyo yapite 80 kwa dakika na namba ya juu ya presha ipite 80. Muuguzi aliyezoea ampuli moja hushtuka akiona boksi zima linaisha, lakini kiasi hicho ni cha kawaida kabisa. Mboni huchelewa kutanuka, kwa hiyo hazinipi kipimo. Na moyo kwenda mbio hakunizuii, kwa kuwa anayekosa hewa naye moyo humwenda mbio. Kifua kikishakauka, naweka dripu ya asilimia 10 hadi 20 ya jumla ya dozi hiyo kwa kila saa. Akianza kuweweseka, mwili ukachemka na tumbo likanyamaza, atropini imezidi: naisimamisha, kisha naanza tena kwa kiasi pungufu.

Anayetudanganya ni mgonjwa wa amitrazi, dawa ya kuulia kupe. Naye hulala fofofo, mboni zikasinyaa na mapigo yakashuka, lakini kifua chake ni kikavu na sukari ya damu mara nyingi hupanda. Akilindwa njia ya hewa, kwa kawaida huamka ndani ya siku moja au mbili; kumjaza atropini bila mapigo kushuka kwa hatari ni kumwongezea sumu ya pili.

Atropini pia haigusi udhaifu wa misuli. Mgonjwa wa oganofosfeti aliyekwishakauka na kuzungumza anaweza kushindwa kupumua kati ya siku ya kwanza na ya nne, kwa hiyo kila raundi namwomba ainue kichwa kutoka kwenye mto, na asipoweza, namsogeza karibu na mashine ya kupumulia siku hiyohiyo.