Anyurizimu ya ubongo: kwa nini mshipa huvimba penye panda

Fundi baiskeli yeyote wa Kirumba anaijua hali hii. Tairi limelika upande mmoja, nyuzi zake za ndani zimekatika, na ukijaza upepo tyubu inachomoza pale palipolegea, inatoa nundu. Baiskeli bado inatembea. Mwenyewe anaweza kupakia kreti za soda wiki nzima asihisi kitu. Anyurizimu ni nundu ya namna hiyo kwenye ukuta wa mshipa wa damu, na kinachoisukuma ni damu, kila moyo unapopiga.

Inakadiriwa watu wazima 3 hivi katika kila 100 wanayo kichwani. Wengi hawajui, na nyingi ya nundu hizo hazipasuki maisha yote. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona watu wakipewa majibu ya picha ya kichwa, wakasoma neno hilo tu, wakaanza kuaga ndugu.

Swali ninalopenda kulieleza ni hili: kwa nini nundu itokee pale, isitokee pengine? Jibu liko kwenye umbo la mshipa.

Mvua kubwa ikinyesha Mwanza, nenda ukautazame Mto Mirongo (simama mbali, maji yake yanabeba watu). Tafuta jiwe lililosimama katikati. Maji yanapita pembeni yake pande zote mbili, lakini ule uso wa jiwe unaoyapokea ndio unaopigwa kwa nguvu zote; povu linaruka hapo. Mshipa unapogawanyika kuwa miwili, pale katikati ya panda pana ukuta unaopokea damu hivyo hivyo, uso kwa uso. Kwenye sehemu iliyonyooka damu inateleza kando ya ukuta. Kwenye panda inaugonga, kisha inageuka ghafla kufuata tawi la kushoto au la kulia, na mgeuko huo unaukwangua ukuta. Ndiyo maana sehemu kubwa ya anyurizimu za ubongo hukutwa kwenye panda au penye kona kali.

Pembe nayo ina neno lake. Chukua panda mbili za manati, moja imebana kama herufi V, nyingine imetanuka karibu kuwa T. Kwenye ile iliyobana damu inapinda kidogo tu na kuendelea. Kwenye ile iliyotanuka inalazimika kukata kona. Picha za wagonjwa zinaonyesha kwamba panda zenye nundu mara nyingi ni zile zilizotanuka. Ila tusikimbilie hukumu: picha hizo kwa kawaida hupigwa nundu ikiwa imeshatokea, na nundu inayokua inaweza yenyewe kuyasukuma matawi yakaachana zaidi.

Mishipa ya ubongo ina udhaifu wake pia. Kuta zake ni nyembamba kuliko za mishipa ya ukubwa uleule mwilini kwingine, na inakosa lile tabaka la nje la kunyumbuka. Isitoshe, inaelea kwenye majimaji yanayozunguka ubongo, haina nyama ya kuiegemeza.

Chini ya ubongo mishipa mikubwa imeungana ikafanya pete. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliieleza mwaka 1664, na hadi leo pete hiyo inaitwa kwa jina lake. Vitabuni imechorwa imekamilika, pande zote sawa. Vichwani mwetu haiko hivyo: watu wengi wana kipande chembamba mno au kinachokosekana kabisa, na wanaishi salama. Lakini mshipa wa mbele wa upande mmoja ukiwa mwembamba, wa upande wa pili hubeba damu ya pande zote mbili, na kiungo cha mbele cha pete kinapigwa zaidi. Hapo ni mojawapo ya mahali anyurizimu zinapoonekana sana.

Nundu ikishakuwepo, umbo lake yenyewe linaanza kuhesabika. Iliyo ndefu yenye shingo nyembamba, au yenye kinundu kingine juu yake, inawapa madaktari wasiwasi kuliko ya mviringo laini. Ukubwa nao unahusika, hasa ikizidi milimita 7. Fikiria puto: mwanzo unahangaika kulipuliza, likitanuka linakubali kirahisi. Ukuta ukipanuka, presha ileile inauvuta zaidi.

Pembe ya mshipa wako huwezi kuibadilisha. Nguvu ya damu inayoupiga unaweza kuipunguza. Sigara na presha isiyotibiwa ndivyo vinavyoidhoofisha zaidi mishipa hii, na kinachoniuma ni watu wangapi hapa kwetu wanaacha dawa za presha wakijisikia nafuu. Nafuu hiyo ni kazi ya dawa. Walio na ndugu wa damu wawili au zaidi waliowahi kupata anyurizimu, na wenye ule ugonjwa wa kurithi wa figo zenye vifuko vya maji, wamwambie daktari kabla hawajaumwa.

Nundu ikipasuka, kichwa kinauma ghafla, ndani ya sekunde, maumivu ambayo mtu hajawahi kuyapata. Wengine hutapika, shingo inakakamaa, au wanazimia. Wakati mwingine, hata kabla ya kupasuka, kope moja inaanguka na mboni ya jicho hilo inatanuka, kwa sababu nundu inabana mshipa wa fahamu unaoendesha jicho. Mtu wa namna hiyo msimpe panadol mkasubiri kuche, wala msihitimishe kuwa ni malaria. Kama yuko Ukerewe, safari ya kuvuka ziwa ianze siku hiyohiyo, aende kwenye hospitali yenye CT scan, mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa. Bugando ndiyo ya rufaa kwa Kanda ya Ziwa. Na anayemsindikiza aikumbuke saa maumivu yalipoanza. CT huiona damu iliyovuja vizuri zaidi ndani ya saa 6 za kwanza. Baada ya hapo inazidi kufifia kwenye picha, na daktari anaweza kulazimika kuitafuta kwa kuchukua maji ya uti wa mgongo kwa sindano.