Mto wa mjini hautaki bustani nadhifu

Watu huniuliza sana, chama cha mtaa, kanisa, kampuni inayotaka picha za siku ya mazingira: tumepata miche, tupande wapi kando ya mto? Jibu langu huwaudhi kidogo manake nawaambia wangoje. Kazi yangu ni kuwarudishia ndege, vyura na wadudu makao kwenye mito midogo ya mjini, na hapa naongea juu ya Nairobi, yaani Kirichwa, Gitathuru, Mathare, na mto Nairobi wenyewe unaotoka kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu. Miti huja baadaye. Kwanza ni maji, halafu ukingo.

Maji yana shida mbili. Mji ukishajaa lami na mabati mvua haizami ardhini, yote inateremka mtoni kwa mpigo, na watu wa Mathare waliona Aprili na Mei 2024 hiyo ni kitu gani. Mafuriko ya namna hii hukwangua sakafu ya mto, mto unazidi kuzama, kingo zinabaki kuta za udongo, na mche uliopandwa wiki iliyopita unaenda na maji hadi Athi. Shida ya pili ni maji taka. Bakteria wanaoyala humaliza oksijeni, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari kwa hivyo maji yetu hubeba oksijeni kidogo hata yakiwa masafi, sasa ongeza jua linaloyapasha moto na kuyapunguzia oksijeni zaidi kwa sababu hakuna kivuli.

Ukitaka kuona tofauti pindua jiwe. Kwenye kijito kisafi chenye kivuli utapata wadudu bapa wenye mikia mitatu wameng'ang'ania upande wa chini, hawaachilii hata ukiliinua. Chini ya bomba la maji taka jiwe lina ute wa kijivu na vibuu vyembamba vyekundu kama nyuzi, na wekundu huo ndio unawaokoa, ni kama damu yetu, unashika oksijeni ile kidogo iliyobaki. Kwa hivyo tembea na wenyeji ukifuata mto kuelekea unakotoka mpaka upate bomba linalovuja, wao huwa wanalijua. Ukiliacha unapamba choo.

Tuje kwa ukingo, hapa ndipo nabishana na mainjinia. Wao wakiona ukingo umebomoka wanataka gabioni, mawe ndani ya waya, mstari ulionyooka. Karibu na daraja ama nyumba sawa, sina neno. Lakini kilomita nzima ya gabioni ni mtaro, hakuna kiumbe anapanda kutoka majini wala kushuka. Mimi nataka ukingo ulazwe, kwa kila mita moja ya kwenda juu urudi nyuma kama mita tatu, ili maji yakipanda yatawanyike yapunguze kasi. Hiyo inataka nafasi, na sheria iliitoa, mita 6 hadi 30 kila upande kupimwa kutoka alama ya juu kabisa ya mafuriko. Nafasi yenyewe ilishajengwa, na si na maskini peke yao, kuna maghorofa yenye hati safi kabisa yameingiza miguu mtoni. Kubomolea mtu wa mabati usiku bila pa kwenda halafu kuliacha ghorofa, hilo kwangu si uhifadhi.

Lakini usilaze kingo zote! Yule mdiria mdogo wa buluu mwenye mdomo mwekundu huchimba tundu lake kwenye ukuta wa udongo uliosimama, kwa hivyo kwenye kona za nje, penye hakuna mtu anaweza kuumia, acha ukuta wake.

Sasa ndio upande. Mimi hupenda muhuti, kwa sababu unakata tawi nene kama kifundo cha mkono, unaligongomea zaidi ya nusu yake ardhini na linaota, mizizi inashika udongo na maua mekundu yanaleta chozi, yule ndege mdogo mnyonya nekta. Mkuyu pia, matunda yake hulisha ndege wengi sana. Majini kabisa weka mafunjo na matete, manake buu wa kereng'ende akikomaa hupanda shina lililosimama majini ndio ajivue ngozi aruke, ukifyeka mashina yote umemkatia ngazi. Panda mvua za vuli zikianza, mizizi iwe imeshika kabla ya masika. Mkaratusi hapana, hunywa maji mengi na mwahitaji maji yabaki mtoni. Lantana, kile kichaka vamizi, ng'oa kidogo kidogo ukipanda nyuma yake, ukifagia yote siku moja ukingo unabaki uchi.

Wamama wengi hawataki vichaka na wana haki, kichaka kinaficha mwizi. Huwa tunagawanya, upande wenye njia mimea iwe chini ya kiuno na miti ipogolewe chini, upande wa pili uachwe uwe msitu. Michuki Park, pale palipokuwa jaa na gereji za jua kali, ni ushindi mkubwa kwa watu, ila mimi ningeomba vipande vichache vya ukingo viachwe bila kufyekwa.

Na anza karibu na penye uhai bado upo. Gitathuru inapita msitu wa Karura kabla ya kushuka Mathare, kwa hivyo vyura na mbegu ziko hapo juu tayari, ukitengeneza kipande kinachofuata zinashuka zenyewe bila kununuliwa.

Ndege gani waonyeshe kazi inafanya? Marabou wakijaa usishangilie, wanafuata takataka. Mimi hutafuta fundichuma, anakula vyura na viluwiluwi, akikaa ujue chakula kipo. Kwarara siwahesabu, hao wanaishi hata kwa nyasi za jirani.