Je, wajua? Kwa nini lugha ya Wales ilipungua watoto walipofungiwa nyumbani?

Lugha ya asili hukaa nyumbani, shule ndiyo inayoila. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na kwetu ni vigumu kuamini vingine. Mtoto anatoka kwa nyanya na Kitaita chake, anaingia darasani anakuta Kiswahili, halafu Kiingereza, na akifika darasa la nane Kitaita kimebaki cha salamu. Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020, mpwa wangu wa miaka saba alipelekwa kwa nyanya yake Wundanyi, huko Taita. Aliporudi mjini Januari 2021 alikuwa anagombana kwa Kitaita, na kugombana, kama mjuavyo, ndiyo daraja la juu la umilisi wa lugha. Kwangu mimi kesi ilikuwa imefungwa.

Kisha nikakutana na takwimu za Wales, nchi jirani ya England ndani ya ufalme mmoja, nikadhani nimezishika kichwa chini miguu juu.

Sensa ya huko ilifanyika Jumapili, 21 Machi 2021, korona ikiwa bado inatamba. Ilikuta watu 538,300 wa umri wa miaka mitatu na zaidi wanaosema Kiwelisi, yaani asilimia 17.8. Miaka kumi kabla yake walikuwa 562,000, asilimia 19.0. Ukiwatazama watu wazima wa miaka 20 hadi 44 hupati msiba, maana wao waliongezeka kidogo. Walioporomoka ni watoto. Wa miaka 5 hadi 15 walishuka kutoka asilimia 40.3 hadi 34.3, na wale wa miaka 3 na 4 kutoka 23.3 hadi 18.2. Ni watoto walewale waliokuwa wamekaa nyumbani miezi mingi ya mwaka uliotangulia, tena katika nchi yenye lugha ya asili inayopendwa, yenye televisheni yake, vibao vyake vya barabarani na sheria ya kuilinda. Ilitakiwa ipande. Mbona ilishuka?

Kwanza tuondoe kikwazo kidogo ambacho Kiswahili chenyewe kimetuwekea. Tunasema "Uingereza" tukimaanisha England, kisha tunasema "Uingereza" tukimaanisha ufalme mzima, na Wales inamezwa hapo katikati. Afya na elimu ya Wales zimo mikononi mwa serikali ya Wales yenyewe, iliyoko Cardiff, tangu 1999, na sheria ya udhibiti wa magonjwa ya 1984 inawapa mawaziri wa Wales uwezo wa kuweka masharti katika eneo lao. Kwa hiyo tarehe 10 Mei 2020, Boris Johnson alipoacha wito wa "bakini nyumbani", alikuwa anawaachia watu wa England tu. Wales ilibaki ndani. Juni ikaruhusu watu watembee karibu na kwao, takriban maili tano, na madereva kutoka England waliotaka kupanda milima ya Wales wakarudishwa na polisi. Oktoba ikajifungia tena kwa siku 17, na maduka makubwa yakakatazwa kuuza visivyo vya lazima, ndipo rafu za nguo zikazungushiwa utepe kama eneo la ajali. Aliyesimama mbele ya kamera kueleza hayo yote, akijibu waandishi kwa Kiingereza na kwa Kiwelisi, alikuwa Waziri Kiongozi Mark Drakeford. Waziri wake wa afya, Vaughan Gething, alizaliwa Lusaka kwa mama Mzambia. Hilo halina kazi katika hoja yangu, ila nimeshindwa kuliacha.

Lugha ilipata msamiati mpya pia. Kufungiwa kukaitwa cyfnod clo, kipindi cha kufuli. Kujitenga kukaitwa hunan-ynysu, na ndani yake mna neno ynys, kisiwa: mtu anajigeuza kisiwa. Sisi tulipata UVIKO-19, tukaichukua barakoa iliyokuwa pambo la uso la wanawake wa Omani na Ghuba tukaivalisha taifa zima, kwa hiyo hatuna haki ya kuwacheka.

Sasa turudi kwenye kosa langu, maana nadhani si langu peke yangu. Nilichukua ramani ya kwetu nikaibandika juu ya Wales: nyumbani ni lugha ya asili, shuleni ni lugha ya wakubwa. Kwa familia nyingi za Wales, hasa kusini mashariki, ramani hiyo inasomwa kinyume. Nyumbani ni Kiingereza. Baba anasema Kiingereza, mama Kiingereza, katuni Kiingereza, hata mbwa anaitwa kwa Kiingereza. Kiwelisi kinaanza mtoto anapovuka lango la shule saa tatu asubuhi na kinakoma anapopanda gari jioni.

Ilifikaje huko? Karne ya 19 ilikuwa kama tunavyoijua. Katika baadhi ya shule, mtoto aliyenaswa akisema Kiwelisi alivishwa kipande cha mti shingoni, kinaitwa Welsh Not, na aliyekuwa nacho mwisho wa siku alichapwa. Aliyesoma Kenya akavishwa disiki kwa kusema lugha ya mama haitaji maelezo zaidi. Sensa ya 1891 ilikuta zaidi ya nusu ya watu wakisema Kiwelisi. Ile ya 1991 ilikuta chini ya mmoja kati ya watano. Kizazi kizima cha wazazi kiliacha kuirithisha, wengine kwa kuamini kwamba wanawafanyia wanao hisani.

Kisha shule ikageuka. Mwaka 1939 watoto wa miji ya England walihamishiwa Wales kukimbia mabomu, madarasa ya Aberystwyth yakajaa Kiingereza, na Ifan ab Owen Edwards akafungua shule ndogo ya Kiwelisi yenye watoto saba. Mwaka 1947 Llanelli ikapata shule ya msingi ya Kiwelisi ya umma. Leo Kiwelisi ni somo la lazima katika shule zote za umma hadi umri wa miaka 16, na takriban mtoto mmoja kati ya watano au wanne anasoma karibu masomo yake yote, hesabu na sayansi zikiwemo, kwa Kiwelisi. Wengi wao wazazi wao hawaijui lugha hiyo. Wamewapeleka tu, kwa mapenzi, au kwa kutaka warudishiwe kilichopotea kwa babu. Shule iliyokuwa inaichapa lugha ndiyo imekuwa yaya wake.

Picha iliyonisaidia kuelewa ni ya maji. Kuna nyumba yenye kisima uani, na kuna nyumba inayotegemea bomba. Siku za kawaida hutaona tofauti: zote zina ndoo zilizojaa, zote zinapika, zote zinafua, na mgeni atasema mtaa huu una maji. Mtoto wa Caernarfon, anayelala na kuamka kwa Kiwelisi, ana kisima. Mtoto wa Cardiff mwenye wazazi wa Kiingereza tupu ana bomba, na bomba hilo ni shule. Wote wawili wanaimba wimbo uleule siku ya sherehe. Tofauti inajitokeza siku koki kuu inapofungwa. Wa kisima haoni shida, pengine hata anachota zaidi kwa kuwa yupo nyumbani mchana kutwa. Wa bomba anaishi kwa akiba ya ndoo, na ndoo ya mtoto wa miaka minne ni kikopo.

Bomba lenyewe lilikuwa na matawi, na masharti ya korona yaliyafunga moja baada ya jingine bila kukusudia. Chekechea za Kiwelisi zilifungwa. Kambi na tamasha za vijana zikahamia mtandaoni. Halafu kuna nyanya, anayeitwa nain kaskazini na mam-gu kusini. Katika familia nyingi yeye ndiye pekee anayeijua lugha, kizazi cha kati kikiwa kimerukwa, na kaya tofauti zilikatazwa kuchanganyika ndani. Hadi 6 Julai 2020, ndipo kaya mbili zikaruhusiwa kujihesabu kuwa moja. Mpwa wangu alipelekwa kwa nyanya wakati mtoto wa Wales anazuiwa kumfikia wake. Ukitafuta mahali ambapo hadithi zetu mbili zinaachana, ni hapo.

Zikaja kazi za nyumbani. Mzazi asiyejua Kiwelisi anapokea zoezi la hesabu kwa Kiwelisi, mtoto analia, na ofisini kuna kikao cha video dakika tano zijazo. Anafanya nini? Anatafsiri harakaharaka kwenye simu, au anasema potelea mbali, tufanye kwa Kiingereza.

Hadi hapa maelezo yanapendeza, na ndipo inapobidi kupunguza mwendo. Sensa haikuwapima watoto. Hakuna aliyewauliza neno. Huko hakuji karani na kishikwambi chake kama Tanzania mwaka 2022. Mwenye nyumba anajaza mwenyewe, wengi mtandaoni, na swali linataka tu aseme kama kila mtu nyumbani anaelewa, anasema, anasoma au anaandika Kiwelisi. Kwa mtoto wa miaka sita anayejibu ni mama. Kwa hiyo takwimu iliyoanguka ni maoni ya wazazi kuhusu lugha ya watoto wao, na maoni hayo yalitolewa wiki gani? Shule zilikuwa zimefungwa tena tangu Januari. Watoto wadogo wa miaka 3 hadi 7 walianza kurudi kwa awamu kuanzia 22 Februari, na madarasa mengine ya msingi 15 Machi. Sensa ni 21 Machi. Mzazi alijaza fomu siku au wiki chache tu baada ya miezi ya kumsikia mwanawe mezani akisema Kiingereza. Scotland iliahirisha sensa yake hadi 2022, England na Wales hazikuahirisha.

Kuna jambo jingine ambalo mzazi yeyote wa Nairobi au Dar analijua. Wageni wamekuja, baba anamwita mtoto: hebu waonyeshe wageni Kiingereza chako. Mtoto anatazama vidole vya miguu. Mwalimu wake angeapa kwamba huyo ndiye msemaji wa darasa, ila Kiingereza chake ni cha mwalimu, si cha baba wala cha mjomba aliyeshika soda. Mtoto mdogo huifunga lugha kwa mtu na mahali. Mtoto wa Cardiff akiambiwa na mama yake, kwa Kiingereza, aseme kitu kwa Kiwelisi, huenda akanyamaza vivyo hivyo, na mama akaacha kisanduku kitupu. Ndoo ina maji, ila imefunikwa.

Au tuanzie upande wa pili. Huenda kilichokosewa ni kipimo cha 2011. Wakati ule mzazi ambaye mwanawe anajifunza Kiwelisi saa chache kwa wiki katika shule ya Kiingereza, na anarudi na bore da ya asubuhi njema na rangi za upinde wa mvua, aliweka alama kwa fahari: anasema. Miezi ya kusikia masomo jikoni inaweza kumfanya mzazi huyo kuwa mkweli zaidi. Hapo kufungiwa kungekuwa hakukumnyang'anya mtoto lugha, kungekuwa kumemnyang'anya mzazi dhana yake. Ofisi ya takwimu yenyewe ilitahadharisha kwamba janga na masomo ya nyumbani huenda viliathiri majibu, bila kusema kwa kiasi gani. Na kipindi hichohicho, utafiti wa kila mwaka unaofanywa kwa mahojiano ulipata karibu asilimia 29 ya watu wakisema Kiwelisi, dhidi ya 17.8 ya sensa. Nchi ileile. Urefu wa mtu hauwezi kutofautiana hivyo kwa kubadilisha futi, lakini "kujua lugha" kunaweza.

Ipo pia hesabu inayonikera, kwa sababu inaharibu mfano wangu wa bomba. Maeneo manne tu ya utawala yaliongeza asilimia ya wasemaji: Cardiff, Vale of Glamorgan, Rhondda Cynon Taf na Merthyr Tydfil. Yote yako kusini mashariki, kwenye nchi ya mabomba. Carmarthenshire, yenye visima vya zamani, ndiyo iliyoanguka zaidi, kutoka asilimia 43.9 hadi 39.9. Hizo ni jumla za umri wote, na vijana wenye Kiwelisi huhamia Cardiff kutafuta kazi, kwa hiyo mfano haujafa. Lakini umejeruhiwa, na ni haki nikuonyeshe jeraha.

Kwa watu wazima kufungiwa kulileta kinyume kabisa. Mwaka 2020 Kiwelisi kiliongoza kwa kasi ya kupata wanafunzi wapya katika programu ya Duolingo nchini Uingereza. Kwenye Facebook kikazuka kikundi cha kuimbiana kutoka sebuleni kiitwacho Côr-ona, côr ikimaanisha kwaya. Mwenye miaka 35 na intaneti anaweza kujichimbia kisima akiwa amejifungia. Mwenye miaka minne hawezi.

Shule zilipofunguka, walimu walikuta watoto wanaoelewa kila neno lakini wanajibu kwa Kiingereza. Gwynedd, eneo la kaskazini magharibi, tayari ilikuwa na vituo maalumu kwa watoto wanaohamia kutoka nje bila Kiwelisi, ambapo mtoto hukaa wiki kadhaa akisikia lugha hiyo tu, kucheza na kula kukiwemo. Njia hiyo inaitwa trochi. Nilitafuta maana yake nikitegemea neno la kitaalamu la ualimu, nikakuta ni neno la kawaida la Kiwelisi: kutosa ndani ya maji.