Tulianza na Khedive Ismail

Siku nilipowaambia wanafunzi wa kidato cha pili kwamba tutachonga meli za KR 8, msafara wa kijeshi wa mwaka 1944, kwa heshima ya askari wetu waliokwenda Vita vya Pili vya Dunia, wote walikimbilia HMS Hawkins. Sikuwalaumu. Hawkins ni kruza, yaani manowari kubwa, ya dohani mbili na mizinga mikubwa saba, na kwa skeli ya 1:200 urefu wake unatoka sentimita 92, meza nzima. Waliokosa nafasi hapo wakagombania distroya mbili, yaani manowari ndogo za kasi, Petard na Paladin. Meli ya abiria, Khedive Ismail, haikupata hata mtu mmoja wa kuitaka.

Nikawaomba warudishe mbao kabatini, wakae, wasikilize kwanza.

Mapema Februari 1944 meli tano zilizojaa wanajeshi ziling'oa nanga hapa hapa Mombasa kwenda Colombo, Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka. Hawkins, Petard na Paladin zilizisindikiza. Khedive Ismail peke yake ilibeba watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Waliobaki ni wanamaji, mabaharia, na wanawake zaidi ya 80, wengi wao wauguzi. Jumamosi tarehe 12, saa nane na nusu mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga topido mbili, makombora yanayokwenda chini ya maji. Wengi walikuwa ndani wakati huo, wanaburudishwa kwa muziki. Meli ilizama kwa dakika zipatazo mbili. Walionusurika ni 214.

"Kwani mwalimu, askari wetu hawakuwa kwenye manowari?" akauliza msichana mmoja wa dawati la mbele.

Hawakuwa. Ndiyo maana tulianza na Khedive Ismail, na tangu hapo kila kundi jipya la wanafunzi nalianzishia hapo. Mtu akitaka kuwaenzi askari hawa kwa kuchonga manowari tu, atakuwa amechonga meli za watu wengine.

Sasa kazi yenyewe. Kwa skeli ya 1:200, milimita moja ya mbao ni sentimita 20 za meli. Khedive Ismail ilikuwa na urefu wa mita 129 hivi, kwa hiyo modeli inafika sentimita 64 na nusu. Mwili hatuuchongi kutoka gogo moja. Mchoro wa meli unagawanywa kwa mistari ya maji, kama boflo lililolazwa likakatwa kwa mlalo, vipande virefu kimoja juu ya kingine. Kila kipande tunakihamishia kwenye plaiwudi ya milimita 5, ambayo ni sawasawa na mita moja ya kimo cha meli, tunakata kwa msumeno mwembamba, kisha tunabandika kimoja juu ya kingine. Ukimaliza unaona ngazi ngazi ubavuni. Hizo unaziondoa kwa randa ndogo, halafu tupa, halafu msasa, mpaka ukipitisha kidole kutoka omo, yaani mbele ya meli, hadi tezi, yaani nyuma, usikwame popote.

Modeli yetu ya kwanza iliharibika. Tulibandika vipande vyote siku moja, katikati ya masika, na gundi ya maji haikukauka ndani. Baada ya wiki mbili omo lilikuwa limepinda kushoto kama ndizi. Watoto walitaka kulinyoosha kwa nguvu. Nilikataa, tukaanza upya. Siku hizi tunabandika vipande viwili tu kwa siku, tunavikandamiza kwa mawe mazito, na tunapaka vanishi kabla unyevu haujaingia.

Mwanadamu wa kimo cha kawaida, kwa skeli hiyo, ni milimita 8 na nusu. Punje ndefu ya mchele wa pishori inakaribia hapo. Tulihesabu punje 1,511 kwenye sinia, alasiri nzima, vikundi vya hamsini hamsini. Kisha mvulana mmoja akatoa 214 akazitia kwenye kifuniko cha chupa ya soda. Zikaenea. Akatazama sinia, akatazama kifuniko, na darasa likanyamaza bila mimi kuomba.

Petard ndiyo iliyokuwa ngumu kufundisha. I-27 ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na Petard ikaangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji pale pale walipokuwa. Baadhi ya walionusurika topido waliuawa na mabomu hayo. Nyambizi ilipoibuka, mizinga ya distroya haikuweza kuitoboa. Paladin ilipoikaribia kuigonga ikachanwa ubavu. Mwishowe Petard ikaimaliza kwa topido, baada ya mapambano ya zaidi ya saa mbili. Aliyekuwa akiichonga Petard aliweka tupa chini akaniuliza kama aendelee. Nilimwambia aendelee, kwa sababu zilikuwepo meli nne nyingine zimejaa watu, na nahodha alilazimika kuchagua palepale. Lakini sikumwambia kwamba ni jambo jepesi, na sipendi mwalimu yeyote alipitishe haraka.

Nyambizi nayo tumeichonga. Ni sentimita 54, ndefu kidogo kuliko Petard yenyewe, jambo ambalo huwashangaza watoto waliodhani nyambizi ni kidude kidogo. Nayo ilikuwa na mabaharia ndani, na karibu wote wakafa.

Majina ya askari wa kikosi cha 301 waliopotea yako Nairobi, kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Ngong Road. Wenye uwezo wa kufika wafike. Wengi hawawezi, na ndiyo maana tunaweka modeli mezani na mlango wa karakana wazi kila Februari.

Mwaka huu aliletwa na mjukuu wake bibi mmoja wa miaka themanini na ushei, kutoka bara. Wanafunzi wakampa kiti na shikamoo. Baba yake alipanda meli hiyo yeye akiwa bado ananyonya. Aliizunguka meza polepole, akauliza wapi ni mbele na wapi ni nyuma.

"Tezi ni huku, nyanya," akaonyeshwa.

Akaokota punje moja kwenye sinia, akaiweka juu ya sitaha, upande wa tezi, karibu na ukingo.

"Mama alisema hakupenda kukaa ndani. Alipenda penye upepo."

Alipoondoka, aliyechonga sitaha alichovya kijiti kwenye gundi, akaibandika punje pale pale ilipowekwa.