Programu ya kijasusi na nywila yako ya benki: inavyoiba, na kwa nini alama ya kufuli haiizuii

Mtu akiibiwa pesa za benki kupitia intaneti, wengi hudhani kuna mtaalamu aliyepenya kwenye mitambo ya benki usiku wa manane. Mara nyingi mitambo hiyo haikuguswa kabisa. Kilichoguswa ni kompyuta ya mteja mwenyewe, ile iliyopo sebuleni au juu ya meza ya mhasibu, na kazi hiyo imefanywa na programu ya kijasusi.

Programu ya kijasusi ni programu inayoingia kwenye kompyuta bila mwenyewe kujua, ikajificha humo, ikawa inatazama anachofanya na kumpelekea habari mtu aliye mbali. Zipo za namna nyingi. Nyingine hufuatilia tu tovuti unazotembelea ili wenye matangazo wakufahamu. Ninayoieleza hapa ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya benki, ambayo inaweza kukaa kimya wiki nzima ikingoja siku utakayofungua ukurasa wa akaunti yako.

Iliyovuma kuliko zote ni Zeus, iliyoanza kuonekana mwaka 2007. Ilikuwa ikiuzwa kama mtambo wa kiwandani: mnunuzi analipa, anapewa zana za kutengenezea nakala yake, anachagua benki anazozilenga, kisha anaisambaza anavyojua mwenyewe. Mwaka 2011 msimbo wake, yaani maandishi ya ndani ambayo programu imejengwa kwayo, ulivuja mtandaoni, na toka hapo wengine wakajijengea za kwao juu ya msingi uleule. Ndiyo maana anayeielewa Zeus ameshaelewa sehemu kubwa ya ukoo mzima wa programu hizi.

Njia yake ya kuingilia ni ya kawaida mno. Barua pepe inamfikia mhasibu: ankara haijalipwa, tafadhali fungua kiambatisho. Faili lina alama ya pdf na jina lake linaonekana kuishia na pdf, lakini baada ya hapo kuna herufi tatu zaidi, exe, zinazoonyesha kuwa hiyo ni programu na si hati, ambazo Windows kwa kawaida huzificha. Mhasibu anabofya mara mbili. Hakuna kinachofunguka. Anasonya, anadhani faili limeharibika, anaendelea na kazi zake. Programu imeshaingia. Nyingine huja ndani ya programu za kulipia zilizovunjwa na kugawiwa bure, au kupitia kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, cha zamani ambacho hakijasasishwa.

Ikishaingia, jambo rahisi kabisa inaloweza kufanya ni kuandika kila kitufe unachobonyeza kwenye kibodi. Benki zilipoligundua hilo, baadhi ziliweka kibodi ya kuchorwa kwenye skrini, ili mteja abofye tarakimu zake kwa kipanya badala ya kuzichapa. Majibu ya wezi yalikuwa mepesi: kila unapobofya, programu inapiga picha ndogo ya eneo lililozunguka mshale. Tarakimu nne za siri zikawa picha nne.

Lakini kunasa vibonyezo ni kazi ya taabu, maana mwizi anapokea takataka nyingi: barua ulizoandika, makosa uliyofuta, mazungumzo na ndugu. Zeus na wenzake walikuwa na njia iliyo safi zaidi, na hapa naomba tuende polepole, kwa kuwa ndipo watu wanapokosea kuhusu ile alama ya kufuli kwenye kivinjari.

Umefungua ukurasa wa benki. Umejaza jina la mtumiaji, umejaza nywila, umebofya Ingia. Kivinjari kinakusanya ulivyojaza, kinavifunga pamoja kama kifurushi, kisha kinakikabidhi kifurushi hicho kwa sehemu ya Windows inayohusika na kutuma vitu mtandaoni. Ni baada ya makabidhiano hayo ndipo maneno yako yanafumbwa, yakageuka mchanganyiko wa herufi usiosomeka na mtu yeyote njiani. Kufuli lile linakuhakikishia hiyo safari ya njiani. Programu ya kijasusi haisimami njiani. Imesimama pale pale kwenye makabidhiano, sekunde moja kabla ya kufumbwa, na inasoma kifurushi kikiwa wazi: jina hili, nywila hii, benki fulani. Inachukua nakala, inakiachia kifurushi chenyewe kiende zake benki, na wewe unaingia kwenye akaunti yako kama kawaida. Hukuona kitu kwa sababu hakuna kilichoharibika. Ni sawa na barua iliyotiwa lakiri na kusafirishwa kwa ulinzi, ilhali kuna mtu alisimama nyuma ya kiti chako ulipokuwa ukiiandika.

Kutoka hapo huja hatua ambayo mimi binafsi naiona mbaya kuliko zote. Programu hubeba orodha ya anwani za benki, na kwa kila benki ina vipande vya ukurasa vilivyoandaliwa tayari. Ukifungua ukurasa wa kweli wa benki yako, programu inaudaka ukifika kwenye kompyuta na kuuchomekea vipande hivyo kabla hujauona. Chini ya sanduku la nywila, mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, leo pana sanduku jingine: "Kwa usalama wako, weka pia namba ya siri ya kadi." Rangi ni za benki, maandishi ni ya benki, anwani iliyo juu ni sahihi na kufuli limefungwa, kwa kuwa ukurasa kweli umetoka benki. Kilichoongezwa kimeongezwa nyumbani kwako. Hata mtu makini aliyefundishwa kukagua anwani kabla ya kuandika chochote hapo hana cha kukagua.

Ukurasa unaoweza kuongezwa kitu unaweza pia kufutwa kitu. Mwaka 2009 iligunduliwa programu iliyopewa jina la URLZone, iliyokuwa ikiwalenga wateja wa benki za Ujerumani. Ilikuwa ikihamisha pesa, kisha mteja akitazama salio lake kwenye kompyuta ileile, inamwonyesha salio la zamani. Mtu anaangalia akaunti yake, anaridhika, anakwenda kulala.

Nichukue kisa kimoja ili uone vipande hivi vikifanya kazi pamoja. Juni 2009, katika Kaunti ya Bullitt, jimbo la Kentucky nchini Marekani, wezi walihamisha dola 415,000 kutoka akaunti ya serikali ya kaunti. Benki ilikuwa imeweka kinga ambayo kwenye karatasi inaonekana imara: mweka hazina anaandaa malipo, na mkuu wa kaunti, ambaye kwao huitwa jaji ingawa kazi yake ni ya utawala, anayaidhinisha. Watu wawili, nywila mbili. Zeus ilikuwa imeingia kwenye kompyuta ya mweka hazina. Wezi wakaitumia kufikia pia akaunti ya jaji, wakabadilisha nywila yake na anwani yake ya barua pepe ili taarifa za benki ziende kwao. Kisha wakaongeza majina kwenye orodha ya mishahara, watu zaidi ya 20 ambao kaunti haikuwahi kuwaajiri, wakaandaa malipo kama mweka hazina na kuyaidhinisha kama jaji, kila malipo yakiwa chini ya dola 10,000.

Swali la kwanza ni kwa nini benki haikushtuka kuona mtu anaingia kutoka nchi nyingine. Jibu ni kwamba hakuingia kutoka nchi nyingine. Programu hizi humpa mwizi njia ya kupita ndani ya kompyuta iliyoambukizwa, kiasi kwamba benki inaona mteja yuleyule, kompyuta ileile, intaneti ileile ya siku zote.

Na wale waliopokea hizo pesa? Hao ndio huitwa punda. Ni watu walioona tangazo la kazi ya kufanyia nyumbani, wakajaza fomu, wakatoa namba ya akaunti. Pesa ikiingia wanaambiwa wabakize asilimia chache kama ujira na nyingine waitume nje ya nchi kwa huduma ya kutuma fedha. Katika kisa cha Bullitt zilielekezwa Ukraine. Wengi wa punda hudhani wameajiriwa kweli, mpaka benki inapowapigia simu. Ukipewa kazi ambayo kazi yenyewe ni kupokea pesa za watu usiowajua na kuzisukuma mbele, umeshakuwa mguu mmoja wa wizi huu.

Benki zilipoona nywila peke yake haitoshi, zikaleta namba ya mara moja inayotumwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Ilisaidia, lakini si kwa muda mrefu. Kuanzia mwaka 2010 Zeus ilipata ndugu wa kwenye simu. Ukurasa wa benki uliochomekewa vipande ulimtaka mteja aandike namba yake ya simu, akatumiwa kiungo cha "programu ya usalama", akaiweka mwenyewe. Toka hapo kila ujumbe wa benki ulielekezwa kwa mwizi. Kampeni moja ya namna hiyo iliyofichuliwa mwaka 2012, iliyopewa jina la Eurograbber, iliripotiwa kuchukua euro milioni 36 kutoka kwa wateja wapatao 30,000 katika Italia, Ujerumani, Hispania na Uholanzi.

Vyombo vya dola havikukaa kimya. Mwaka 2014 mtandao wa toleo la GameOver Zeus ulivunjwa kwa ushirikiano wa nchi kadhaa, na Marekani ikamtaja Mrusi Evgeniy Bogachev kuwa ndiye aliyekuwa akiuendesha. Mwaka uliofuata Marekani ikatangaza zawadi ya dola milioni 3 kwa atakayesaidia akamatwe. Vyacheslav Penchukov, raia wa Ukraine aliyekuwa mmoja wa viongozi wa kundi lililotumia Zeus, alikamatwa Uswisi mwaka 2022 na mwaka 2024 akakiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani.

Kwa mtumiaji, jambo la kushika ni kwamba kompyuta iliyoambukizwa haiwezi kukuthibitishia chochote, hata salio lako. Uthibitisho lazima utoke kwenye kifaa kingine. Ujumbe wa benki ukiingia kwenye simu, usikimbilie tarakimu sita ukaacha maneno yaliyozitangulia. Soma kiasi, soma akaunti inayolipwa. Ulitaka kulipa ada ya shule na ujumbe unataja jina usilolijua: usiiandike hiyo namba popote. Programu ya benki kwenye simu iwe ile uliyoitafuta mwenyewe kwenye duka rasmi, kamwe isiwe ya kiungo ulichotumiwa. Na ofisi inayolipa mishahara kwa intaneti itenge kompyuta moja ya benki tu, isiyofungua barua pepe wala kuchomekwa flashi za wageni. Kompyuta ya mtumba inatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Sanduku geni likitokea kwenye ukurasa wa benki uliouzoea, acha kuandika. Ipigie benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, uulize kama wameweka sanduku hilo. Wakikana, waombe waifunge akaunti palepale, kisha ubadilishe nywila kwa kutumia kifaa kingine. Kuna watu huibadilisha haraka wakiwa kwenye kompyuta ileile iliyoambukizwa, na nywila mpya inasomwa kwenye makabidhiano yaleyale kama ya zamani. Kompyuta yenyewe ni heri ifutwe na kuwekewa Windows upya. Antivairasi ikikwambia imeondoa kila kitu, huenda ni kweli, ila mimi nisingeiamini kwa akaunti yenye mishahara ya watu.